siRNA, ASO, CRISPRi au Cas13: uzime sudojeni kwa kutumia nini?

Kuna swali linaulizwa sana na watu wanaoanza kazi ya sudojeni: nimepata sudojeni yangu, naona inatoa RNA, sasa niizime na nini nione kama inaigusa jeni mzazi? Majibu wanayopewa mengi ni ya haraka haraka, mmoja anasema tumia siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachofanya RNA inayolingana nacho ikatwe) ni rahisi, mwingine anasema siku hizi nani anahangaika na siRNA we nenda CRISPR moja kwa moja, yani kama vile sudojeni zote ni za aina moja na zana zote zinakosea kwa namna moja. Mi naona hapo ndo watu wanapotea. Shida ya sudojeni ni kwamba ina mzazi anayefanana nayo karibu kila herufi ya DNA, kwa hiyo ukichagua zana vibaya hupati matokeo mabovu ambayo utayashtukia, unapata matokeo mazuri tu, yamenyooka, ila ni ya jeni nyingine.

Kwa asiyeijua, sudojeni ni nakala ya jeni iliyoharibika, haitengenezi tena protini ya mzazi wake. Jina lilianza 1977 kwenye utafiti wa DNA ya 5S ya chura anayeitwa Xenopus laevis, na kwenye jenomu ya binadamu zimeshaorodheshwa takribani 14,000, wakati jeni zinazotengeneza protini ni kama 20,000, kwa hiyo sio kitu kidogo. Nyingi zilitokana na mRNA iliyogeuzwa kuwa DNA na mitambo ya LINE-1 (kipande cha DNA kinachojinakili chenyewe) alafu ikachomekwa sehemu yoyote tu ya kromosomu, hizi hazina introni (vipande vinavyoondolewa kwenye RNA kabla haijatumika) na hazikuja na promota ya mzazi (sehemu ya DNA ambapo unukuzi, yani kutengeneza RNA, unaanzia). Nyingine ni za kurudufishwa, kipande kizima cha DNA kimenakiliwa na introni zake na mara nyingi na promota pia, na wengi wao wanakaa jirani na mzazi. Shika hiyo tofauti maana itaamua sehemu kubwa ya uchaguzi wako. Kuna aina ya tatu, zile ambazo hazina mzazi mzima ndani ya jenomu, kama GULO ya kutengeneza vitamini C ambayo kwa binadamu ilishakufa, hizo hazichanganywi na yeyote tuziache.

Kazi zenyewe za RNA ya sudojeni zilizoonyeshwa ziko za namna kadhaa na hazitokei sehemu moja ndani ya seli. Mwaka 2008 ilionekana kwenye mayai ya panya kwamba RNA ya sudojeni inaungana na RNA ya jeni mzazi, kimeng'enya kinachoitwa Dicer kinaikata hiyo mikanda miwili iliyoshikana na kinachotoka ni siRNA za asili zinazompunguza mzazi. 2010 maabara ya Pier Paolo Pandolfi wakatoa habari ya PTENP1, sudojeni ya PTEN (jeni inayozuia saratani), kwamba RNA yake inanasa maikroRNA, RNA fupi fupi za seli, ambazo zingeenda kumkandamiza PTEN, ndo hii watu wanaiita sponji. Alafu 2013 ikaonekana kwamba PTENP1 hiyo hiyo inatoa pia RNA ya upande wa pili, antisensi, na toleo moja la hiyo antisensi linakwenda kwenye promota ya PTEN likiwa na vimeng'enya vya kufunga jeni, DNMT3A na EZH2, na kumfunga mzazi kutoka juu kabisa. Yani sehemu moja ya DNA, RNA moja inamlinda mzazi kwenye saitoplazimu na nyingine inamkandamiza kwenye kiini. Sasa mtu akikuambia "nimeizima PTENP1", swali la kwanza la kumuuliza ni, umezima ipi?

Na kabla hatujaingia kwenye zana, kuna kisa cha jeni ya Makorin1 ambacho kila anayegusa hii mada inabidi akijue. 2003 ilitoka kwenye jarida la Nature kwamba panya waliovurugwa sehemu ya sudojeni Mkrn1-p1 walipata matatizo ya figo na mifupa kwa sababu sudojeni ilikuwa inailinda RNA ya Makorin1, ikawa habari kubwa. 2006 kundi lingine wakaonyesha kwamba hiyo sudojeni hata hainukuliwi, imefungwa kwa alama za methili kwenye DNA, na ile RNA fupi iliyodhaniwa ni yake ilikuwa inatoka kwa Makorin1 mwenyewe. Ndo maana nasema zana ichaguliwe kwa kuangalia inakosea vipi. Kuangalia tu kama inafanya kazi haitoshi.

Tuanze na siRNA maana ndo wengi wanaanzia hapo. Ni RNA ya mikanda miwili ya herufi kama 21, unaiingiza kwenye seli, mkanda mmoja unaingia kwenye protini ya Argonaute na kuikata RNA inayolingana nayo. Msingi wake ni kazi ya Fire na Mello ya 1998 kwenye minyoo, na 2001 ikafanikiwa kwenye seli za mamalia. Faida zake zinajulikana, unaagiza, unaweka, siku mbili tatu unapima, hauhitaji kutengeneza seli mpya. Kwa RNA iliyoko saitoplazimu inafanya vizuri sana. Lakini kwa kazi yetu hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba nguvu yake kwenye kiini ni ndogo, kwa hiyo RNA kama ile antisensi ya PTENP1 iliyoko kwenye kromatini (DNA na protini zilizoishika) unaweza kuipunguza kidogo tu au usiiguse, ukaja kuandika kwamba haina kazi. Ya pili ndo mbaya zaidi: herufi ya 2 mpaka ya 8 za siRNA zinafanya kazi kama maikroRNA, yani hata kama katikati umeweka tofauti ili isimkate mzazi, hizo herufi saba zikilingana na 3'UTR ya mzazi (mkia wa mRNA usiotengeneza protini) anaweza kushuka bila kukatwa. Na 3'UTR ya sudojeni na ya mzazi ndo hizo hizo zinazofanana! Sasa unapima nadharia ya sponji, ambayo inatabiri kwamba ukiishusha sudojeni mzazi atashuka, kwa zana ambayo kosa lake la kawaida ni kumshusha mzazi. Hapo kosa na jibu vinafanana kabisa na huna namna ya kuvitenganisha kwa kuangalia namba.

Sisemi haiwezekani. Kazi ya PTENP1 ya 2010 ilitumia siRNA za kutofautisha sudojeni na mzazi, ila hawakuishia hapo, waliongeza 3'UTR ya PTENP1 peke yake wakaona PTEN inapanda, na kwenye seli ambazo Dicer yake imevurugwa ile athari ikapotea, ambacho ni kitu unachokitegemea kama maikroRNA ndo zinahusika. Hapo kuna jambo dogo la kiufundi watu wanasahau, ukitaka kurudia jaribio la aina hiyo kwenye seli zisizo na Dicer usitumie shRNA (RNA iliyojikunja inayotengenezwa ndani ya seli) maana yenyewe inaihitaji Dicer ili iwe siRNA, tumia siRNA iliyotengenezwa tayari.

ASO (antisense oligonucleotide) sasa. Hizi ni vipande vifupi vya DNA vya mkanda mmoja, herufi kama 16 mpaka 20, na zinazotumika kuvunja RNA ni zile za gepma (gapmer), katikati DNA ya kawaida na pembeni herufi zilizobadilishwa kikemia ili zisiliwe na vimeng'enya na zishike kwa nguvu. Zikishika RNA, kimeng'enya cha seli kinachoitwa RNase H1 kinakuja kuikata. Wazo ni la zamani, Zamecnik na Stephenson walilionyesha 1978, miaka ishirini kabla ya ile ya minyoo. RNase H1 iko kwenye kiini na saitoplazimu pia, kwa hiyo kwa RNA za kwenye kiini ASO inaipita siRNA waziwazi, na mi kwa sudojeni za kurudufishwa ndo naiweka mbele. Sababu kubwa nyingine ni kwamba ASO inaweza kulenga hata introni, kwa kuwa inafika kwenye RNA kabla haijakatwa na kuunganishwa, na introni za sudojeni iliyorudufishwa mara nyingi zimeachana na za mzazi kuliko eksoni, vile vipande vinavyobaki kwenye RNA. Pia uwezo wa kutofautisha herufi ni mzuri ukipanga vizuri, zimeshatengenezwa ASO zinazotofautisha nakala mbili za jeni ya huntingtin kwa herufi moja tu, japo hiyo sio kitu unachopata kwa kuagiza mbili tatu za kubahatisha, inabidi ujaribu nyingi.

Mabaya yake: baadhi ya kemia za zile herufi za pembeni, hasa LNA, zinaweza kuwa sumu kwa seli kwa mfuatano fulani fulani, hivyo ASO moja peke yake usiiamini hata kidogo, weka mbili au tatu zinazolenga sehemu tofauti na kontroli zaidi ya moja. Na kuna lingine lilionyeshwa 2020 ambalo bado naona watu wengi hawalizingatii, ASO inapokata RNA ambayo bado inanukuliwa, unukuzi wenyewe unaweza kusimama njiani. Maana yake ulidhani umeondoa RNA tu kumbe umesimamisha na polimerasi, kimeng'enya kinachonukuu. Kama hutaki hilo, ilenge karibu na mwisho wa RNA, mwanzoni usiguse.

ASO ina toleo la pili ambalo kwa swali la sponji mi nalipenda kuliko yote, zile zisizoita RNase H1 zinashika tu na kuziba. Unaziba pale maikroRNA inapokaa kwenye RNA ya sudojeni, kiasi cha RNA kinabaki pale pale lakini haiwezi tena kunasa. Kama kweli ilikuwa sponji, maikroRNA zinaachiwa na mzazi anashuka, kama hakuna kitu kinachobadilika basi hadithi ya sponji ina walakini. Ugumu ni kwamba hiyo sehemu yenyewe inafanana na ya mzazi, kwa hiyo ASO lazima ivuke pembeni ikashike herufi zinazotofautiana, na kwa sudojeni nyingine nafasi hiyo haipo kabisa.

CRISPRi ni mnyama mwingine kabisa. Hapa hugusi RNA, unachukua Cas9 iliyoharibiwa makali yake, dCas9, unaifunga na KRAB (kipande cha protini kinachozima jeni), RNA elekezi inaipeleka kwenye promota na pale kromatini inafungwa, unukuzi unashuka. Ilianza 2013. Uzuri wake mkubwa kwa kazi hii ni kwamba inaruka tatizo la kufanana kwa RNA, kwa sababu unalenga mwanzo wa unukuzi, na sudojeni iliyochomekwa na LINE-1 inaazima promota ya mahali ilipoangukia ambayo haina undugu wowote na ya mzazi. PTENP1 iko kromosomu ya 9, PTEN iko ya 10, promota mbali mbali, hapo CRISPRi inakupa usafi ambao siRNA haiwezi kukupa hata uipange vipi. Kwa aina hii ya sudojeni mi sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Lakini geuza sasa uangalie ya kurudufishwa. GBAP1 ni sudojeni ya GBA1, ziko kromosomu ya 1 zimeachana kwa takribani kb 16 tu (herufi 16,000) na zinafanana kwa karibu asilimia 96. Ukitupa RNA elekezi kwenye promota ya moja angalia sana isiikute na ya pili, na hata ikiwa imetofautisha, alama za kufunga kromatini zinaweza kusambaa. Kuna na hali ya tatu inayosahaulika, sudojeni iliyochomekwa ndani ya introni ya jeni nyingine inayofanya kazi, hapo dCas9-KRAB inaweza kumpunguza mwenyeji na wewe ukadhani dalili unazoziona ni za sudojeni. Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote fungua kivinjari cha jenomu uangalie jirani ni nani, upande gani, na promota ni ya mtu mmoja au wanagawana.

CRISPRi inafaa pia ukiwa na nyingi za kuchuja kwa pamoja. Uchujaji mmoja wa 2017 uligusa maeneo 16,401 ya RNA ndefu zisizo na protini kwenye aina saba za seli, 499 zikaonekana zinahitajika kwenye ukuaji, na asilimia 89 kati ya hizo zilionyesha athari kwenye aina moja tu ya seli. Hiyo namba ya mwisho ikae kichwani, maana mtu akijaribu sudojeni yake kwenye seli za HeLa akakosa kitu anasema haina kazi, wakati hajaenda kwenye seli ambako inanukuliwa kwa wingi.

Cas13 nitapita haraka. Inakata RNA kwa kuongozwa na RNA elekezi, Cas13d ilikuja 2018 na ilionekana kama itamaliza ubishi wote, inafika kwenye kiini, ina umahiri mzuri wa kulenga. Tatizo ni ile tabia yake ya kukata RNA za jirani zisizohusika ikishaamka, na imeshaonekana kwenye seli za mamalia pia, hasa lengo likiwa na RNA nyingi. Kwa swali ambalo lote ni la kiasi, nani ameshuka kidogo nani amepanda kidogo, mi siwezi kuiweka ya kwanza. Kama zana ya kuthibitisha kitu ulichokwisha kukiona kwa njia nyingine, sawa. Kukata DNA kabisa kwa Cas9 ya kawaida nako ni vile vile, ukiondoa kipande chote umeondoa RNA, promota, na kiongeza-nguvu chochote kilichokuwa kimelala humo, jibu linakuja kubwa lakini hujui la nani.

Na hapo ndo tunafika kwenye kitu ambacho kinazitenganisha hizi zana kuliko yote: unauliza kuhusu RNA, au kuhusu kitendo cha kunukuu? Mfano mzuri ni Airn kwenye panya, RNA ndefu isiyo na protini, sio sudojeni lakini somo ni lile lile. Airn inamnyamazisha jeni jirani, Igf2r, na 2012 ikaonyeshwa, kwa kuweka ishara za kusimamisha unukuzi sehemu mbalimbali, kwamba kinachonyamazisha ni unukuzi kupita juu ya promota ya Igf2r, RNA yenyewe inayotoka haihitajiki kwa hilo. Ungetumia siRNA pale usingeona kitu, ungetumia CRISPRi ungeona kila kitu alafu ukaandika kwamba RNA inamdhibiti Igf2r, na ungekuwa umekosea. Kwa hiyo CRISPRi ikisema ndio na ASO ya mwishoni mwa RNA ikasema hapana, hizo zana hazigombani, zinakuambia kwamba labda RNA ni masalia tu ya kazi iliyofanyika kwenye DNA. Zikisema ndio zote mbili, RNA ina kazi na sasa unaweza kwenda mbele. Mi ningependa mtu awe na hizo mbili kuliko kuwa na siRNA tano.

Kwa wanaofukuzia sponji kuna hesabu ya kufanya kabla ya zana yoyote. Hesabu RNA ngapi za sudojeni ziko ndani ya seli moja, maikroRNA ngapi, na sehemu ngapi za kukaa hiyo maikroRNA ziko tayari kwenye RNA nyingine zote. Kazi ya 2014 kwenye seli za ini na maikroRNA ya miR-122 ilionyesha inabidi uongeze sehemu zaidi ya laki moja kwa seli ndipo malengo mengine yaanze kupumua, na sudojeni nyingi zina nakala chache tu. Ukikuta yako ina nakala kumi kwa seli na sehemu moja ya kukaa, hata zana iwe nzuri vipi tafuta maelezo mengine, siRNA za asili, antisensi, chochote. Na ndo maana majaribio ya kuongeza sudojeni kwa plazmidi (duara la DNA linaloingizwa kwenye seli) yenye promota kali nayaangalia kwa jicho la pembeni, unaweza kutengeneza sponji ambayo haipo kwenye maumbile. Panya waliopewa kwa wingi mwaka 2015 sudojeni ya jeni ya BRAF (kwa binadamu ni BRAFP1) walipata saratani inayofanana na limfoma, hilo ni tokeo la maana kabisa kwa sababu kuna uvimbe ambao BRAFP1 yake imepanda kweli, ila sio ushahidi kwamba kiasi cha kawaida kinafanya hivo.

Kama unafikiria mbele kwenye tiba, uzani unabadilika kidogo. ASO na siRNA zina njia iliyokwishapitiwa, dawa za ASO fomivirsen iliidhinishwa 1998 na nusinersen 2016, na ya siRNA patisiran 2018. Nusinersen hasa inahusu, maana inamlenga SMN2, nakala pacha ya SMN1 yenye hitilafu, na badala ya kuizima inaifanya iungwe vizuri ili itoe protini inayokosekana. CRISPRi kwa sasa iache kwenye sahani za maabara ukitafuta jibu la msingi.

Jambo la mwisho ni kupima, na hili linaua miradi kuliko zana. Sudojeni isiyo na introni inatoa bendi ile ile kwenye PCR iwe umeanza na RNA au na DNA iliyobaki kwenye sampuli, kwa hiyo DNase (kimeng'enya cha kula DNA) ni lazima na kontroli isiyo na kimeng'enya cha kugeuza RNA ni lazima pia, na ukimaliza peleka bendi ikasomwe herufi uone ni nani. Praima (vipande vya kuanzishia PCR) ziwekwe pale zinapotofautiana, herufi tofauti ikae mwisho wa 3' wa praima. Kwenye RNA-seq (kusoma RNA zote za seli) ya vipande vifupi, vile vinavyolingana na sehemu mbili programu nyingi zinavitupa au kuvigawa, yani mzazi anaweza kuonekana ameshuka kwa sababu ya hesabu tu, usomaji mrefu wa Nanopore au PacBio unapunguza hilo sana. Na angalia jeni unayotumia kulinganishia, GAPDH ina makumi ya sudojeni na protini za ribosomu zina takribani 2,000 zilizotawanyika jenomu nzima, usije ukapima sudojeni yako kwa rula ambayo nayo imejaa sudojeni.